Kuandika Kwanza au Kujaribu Kwanza?

Kabla ya kuunda programu ya kompyuta, hapana budi tujue inatakiwa ifanye nini. Jambo hili huweza kujulikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuandika maelezo kamili ya mahitaji, kisha kuunda kwa kuyafuata. Ya pili ni kuunda mfano wa majaribio, kuwapa watumiaji, na kuurekebisha kwa kadiri wanavyoutumia. Je, ipi ifuatwe? Na tuangalie mambo mawili yaliyotokea.

Mnamo Oktoba 2005 huduma ya M-Pesa ilianza kujaribiwa nchini Kenya kwa wateja wachache. Kusudi la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo midogo kwa simu. Lakini wateja hao waliitumia kwa namna nyingine: walipelekeana fedha, na wafanyabiashara wengine walihifadhi humo mapato ya siku hadi asubuhi. Waundaji walizingatia hayo, na huduma ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007, kazi yake kuu ilikuwa kutuma fedha. Haja ya watu ilidhihirika katika matumizi, wala si katika karatasi.

Jambo la pili ni la chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilichopotea kilipofika Mirihi tarehe 23 Septemba 1999. Programu moja iliyotumiwa hapa duniani ilitoa hesabu za msukumo kwa kipimo cha pauni, ilhali maelezo yaliyoandikwa yalitaka nyutoni. Pauni moja ya nguvu ni karibu nyutoni 4.45, kwa hiyo njia ya chombo ilikokotolewa kwa makosa. Maelezo yalikuwa sahihi, ila hayakufuatwa, na chombo kikishapotea hakuna kurekebisha.

Basi, kabla ya kuchagua, tujiulize: ni kitu gani tusichokijua, na kosa litatugharimu nini? Ikiwa hatujui watu watakavyoitumia programu, tujaribu. Ikiwa kanuni inajulikana na kosa halirekebishiki, tuandike, kisha tuhakikishe kwamba yaliyoandikwa yanatekelezwa.

Mara nyingi programu moja huhitaji njia zote mbili. Wanafunzi wakiunda programu ya matokeo ya mtihani, kanuni ya kukokotoa wastani na iandikwe mapema. Namna ya kuingiza alama na ijaribiwe na walimu wenyewe.