Betri Kivulini, Paneli Juani (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tuliona kwamba gari likizimwa halizimiki lote. Saa inaendelea kutembea, alamu iko macho, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu zake, na kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, kuna trakka iliyofichwa mahali fulani ikimwarifu mkopeshaji gari liko wapi. Leo nawageukia wale wanaofanya kazi Nairobi au ng'ambo na gari wameliacha nyumbani, Seme, Asembo au Rusinga. Wanataka kujua kama sola ndogo itaitunza betri mpaka warudi.

Itaitunza, ila si ile ya kubandika kwenye kioo cha mbele.

Tuanze na hesabu. Tuseme vifaa hivyo vyote kwa pamoja vinakula miliampea 50. Ni umeme kiduchu, lakini ukiuzidisha kwa saa 24 unapata ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya gari dogo la Kijapani, mfano wa hayo yaliyojaa barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu, hubeba ampea-saa 35 hadi 45. Wiki tatu zikipita, ampea-saa 25 zimekwenda. Ukifungua swichi taa zitawaka na redio itaimba, ila starta itatoa mlio mmoja mkavu na kunyamaza.

Hata isipodaiwa na kifaa chochote, betri hujimaliza yenyewe polepole, na kila joto likipanda nyuzi 10 mwendo huo huongezeka karibu mara mbili. Kisumu adhuhuri ni nyuzi 29 au 30 kivulini, na chini ya boneti la gari lililoanikwa juani ni zaidi ya hapo. Kibaya zaidi ni yale yanayotokea ndani ya betri ikikaa bila chaji. Tangu Mfaransa Gaston Planté alipoiunda mwaka 1859, betri ya namna hii imebaki kuwa bamba za risasi ndani ya asidi ya salfuri. Chaji inapopungua, salfeti ya risasi hujijenga juu ya bamba. Ikichajiwa mapema, salfeti huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ikiachwa miezi, huganda kuwa fuwele ngumu, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Ndiyo maana betri iliyolala tupu tangu Pasaka hadi Desemba haifufuki vizuri hata ikichajiwa usiku kucha.

Sasa turudi kwenye ile sola ya kioo cha mbele. Nyingi ni za wati 2 hivi. Zikipigwa na jua kamili nje hutoa karibu ampea 0.11, lakini nyuma ya kioo, tena zikiwa zimeegemea upande mmoja unaopata jua kwa saa chache tu, utabahatika kupata nusu yake. Jua la Kisumu, ukilikusanya la siku nzima, ni sawa na saa 5 hivi za jua kamili. Kwa hiyo paneli hiyo inaleta ampea-saa 0.3 wakati gari linakula 1.2. Halafu kuna soketi ya sigara ambako waya wake huchomekwa. Katika magari mengi ya Kijapani soketi hiyo hukatwa umeme ufunguo ukitolewa, kwa hiyo paneli na betri hazijaunganishwa kabisa. Kitaa chekundu cha paneli kitawaka vizuri tu, maana kinawashwa na paneli yenyewe.

Ugomvi wenyewe hasa ni huu: paneli inataka jua na betri inataka kivuli. Ukiliweka gari juani ili paneli ishibe, unaipika betri, unakausha maji yake na kupasua dashibodi. Ukiliegesha chini ya mwembe, paneli inalala njaa, kwa sababu kivuli cha tawi moja tu juu ya sehemu ndogo ya paneli kinaweza kupunguza umeme wake kupita unavyodhani. Mimi naona heri kuzitenganisha. Gari likae chini ya mwembe au ndani ya banda, paneli ipande juu ya mabati ya nyumba, na waya uzikutanishe.

Paneli ya wati 10 inatosha. Hutoa karibu ampea nusu, yaani ampea-saa 2.5 kwa siku njema, mara mbili ya matumizi ya gari. Waya wa milimita 1.5, ule ule wa taa za nyumba, ukivutwa mita 20 hupoteza robo tu ya volti, na paneli yenye volti 18 haiwezi kuhisi upungufu huo. Kidhibiti chaji kifungwe karibu na betri, na kati yake na kichwa chanya cha betri pawe na fyuzi ya ampea 5. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, anza na paneli. Ukipata kidhibiti kinachopima joto, kichukue, kwa maana volti 13.6 zinazoifaa betri kwenye nyuzi 25 huwa zimezidi kidogo kwenye nyuzi 40. Mahali pa kuchomoa waya pawe mbele ya grili, na waya upitishwe kwanza kwenye mpini wa mlango wa dereva, ili asije mtu akaondoka na mabati ya watu.

Kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, jua hukaa kaskazini kidogo mwezi Juni na kusini kidogo Desemba. Paneli inaweza kulazwa karibu bapa, na mteremko wa kawaida wa paa unatosha kuteremsha maji na vumbi. Linalodai uangalifu ni upande wa mashariki. Upepo wa ziwa huvuma mchana kuelekea milima ya Nandi, na mawingu hujikusanya alasiri mpaka yanashuka kwa radi. Jua la kutegemewa Kisumu ni la asubuhi. Mti unaozuia jua la saa tatu unakunyima zaidi kuliko ule unaozuia la saa kumi. Mwachie mtu wa nyumbani kazi ya kuipangusa paneli, maana makundi ya wadudu wa ziwani huja kama moshi na kuacha utando, na wale korongo wakubwa wenye vipara hawana adabu hata kidogo.

Mambo haya si mageni pwani hii ya ziwa. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo Mbita, wavuvi wakawa wanakodi taa zilizochajiwa kwa jua badala ya kwenda kuvua omena kwa karabai za mafuta taa. Ila betri ya gari isitumiwe kuwasha taa usiku kucha. Ina bamba nyembamba za kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ukiikamua mpaka chini mara kwa mara itakufa upesi.

Na sola yenyewe si lazima kwa kila mtu. Kama hauna trakka na utakuwa mbali kwa miezi miwili tu, chukua spana namba 10, fungua kichwa hasi, umalize. Utarekebisha saa na redio ukirudi.

Kabla ya kufunga chochote, acha gari lilale usiku, upime betri asubuhi kwa mita. Volti 12.6 maana yake imejaa, na 12.2 ni nusu. Ikiwa nusu, mpelekee fundi wa Kibuye aijaze, kwa sababu paneli ndogo itahangaika nayo zaidi ya wiki huku gari likiendelea kula. Ikisimama kwenye volti 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja kati ya sita imekufa, na hiyo ni ya kuuzwa kwa kilo. Juma lijalo tutaifuata risasi ya betri kuukuu hadi mahali ilipokuwa ikiyeyushwa mpaka mwaka 2014, kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa.