Mustang ya Kiongoroni

Pale gatini Nyamisati, katikati ya boti zinazosubiri maji yajae ndipo ziingie delta, kuna moja ya faiba, nyeupe iliyochujuka, imeandikwa MUSTANG kwa rangi nyekundu. Juu ya maandishi amechorwa farasi yuko mbioni, mkia umenyooka, kwato zote hewani. Ni nembo ya gari la Ford, na mchoraji hakubahatisha. Shingo imenyooka inavyotakiwa, hata mkunjo wa goti la mbele umekaa mahali pake. Bila shaka alitumia kiolezo, maana farasi wa ubavu wa kushoto na wa ubavu wa kulia ni yuleyule mmoja.

Kiolezo hicho ndicho kilichonikosesha utulivu. Farasi wa Ford siku zote hukimbilia kushoto kwa anayemtazama. Ubavu wa kushoto wa boti hakuna shida, anaelekea omo. Ubavu wa kulia anakimbilia tezi. Boti ikishika njia ya Kiongoroni, farasi mmoja anasafiri na abiria, mwenzake anarudi Nyamisati. Nilimuuliza nahodha nani aliyechora. Akasema boti aliinunua ikiwa na jina lake na farasi wake, na aliyemuuzia naye aliikuta hivyohivyo. Je, hajawahi kufikiria kumgeuza yule wa kulia? "Wa nini? Huyo ndiye wa safari ya kurudi."

Kiongoroni ni kata ya Wilaya ya Kibiti iliyozungukwa na mikoko na vijito. Gari halina kazi huko. Kinachoitwa usafiri ni mashine inayoning'inia nyuma ya boti, na anayeijua mashine hiyo kuliko wote niliokutana nao ni fundi mmoja wa makamo, mwenye kibanda cha makuti na pipa la maji la kujaribia injini. Jina lake aliomba lisiandikwe. Ana madeni mengi ya kudai, na hataki wadaiwa wadhani amewasema gazetini.

Nilimsimulia habari za Mustang halisi. Ilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964, siku tisa kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Bei yake ilianzia dola 2,368, na siku ya kwanza tu Wamarekani waliagiza zaidi ya 22,000. Kabla ya miaka miwili kwisha, milioni moja zilikuwa zimetengenezwa. Chini ya boneti ile ndefu kulikuwa na Falcon, gari la kawaida la familia, ambalo Lee Iacocca na wenzake pale Ford walilivika umbo la ujana. Mwenye fedha zaidi aliweza kuwekewa V8 ya lita 4.7, nguvu za farasi 271.

"Mia mbili sabini na moja," fundi akasema. "Wanakwenda wapi hao wote?"

Nikamweleza sehemu ninayoipenda zaidi. Falcon ilikuwa na ndugu mwingine, Mercury Comet. Mwaka 1963 Comet kadhaa zilipelekwa kwenye uwanja wa mbio wa Daytona, Florida, zikazungushwa usiku na mchana mpaka kila moja ikatimiza maili laki moja, kwa wastani wa zaidi ya maili mia kwa saa. Pasaka ya 1964, wiki chache tu kabla Mustang haijazinduliwa, Wamarekani wakazileta Comet sita zenye V8 kwenye Safari Rally ya Afrika Mashariki. Mvua ilikuwa imenyesha. Zilizomaliza ni mbili, tena nyuma kabisa. Mshindi alikuwa Peter Hughes na Ford Cortina GT, gari dogo la Kiingereza la lita moja na nusu ambalo lile la dukani lilikuwa na farasi 78.

Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Mwanangu, hizo maili laki moja walikimbia wapi? Kwenye lami, wakizunguka. Basi. Mashine haifi kwa kazi, inakufa kwa kiu. Hii hapa inavuta maji ya mto yaipoze, na maji yetu unayaona, tope na mchanga. Ndani ya pampu kuna impela ya mpira, inalika kidogokidogo. Nahodha kazi yake kutazama nyuma kama mashine inakojoa. Uzi wa maji ukikatika, azime. Hazimi. Ana abiria, maji yanakupwa, anasema nitafika tu. Pistoni ikishika ndiyo ananitafuta."

Akainua propela iliyopindika, akaniwekea kidole katikati yake. "Na hapa pana bushi ya mpira. Propela ikigonga kisiki cha mkoko, bushi inateleza, gia inapona. Imewekwa makusudi iteleze. Bushi ikichoka, vijana hawanunui nyingine. Wanatoboa, wanapiga bolti. Sasa haitelezi. Wanafurahi, boti inakwenda kwa nguvu. Kisiki kinachofuata, gia yote nje. Hao Wamarekani wako nawaona kama vijana waliopiga bolti."

Delta hii imeshawahi kuwachezea wenye nguvu kuliko hao. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya vijito hivi, na meli kubwa za Waingereza zikabaki nje zikiilinda kwa miezi kwa sababu kina hakikuziruhusu kuingia. Waliomaliza kazi, Julai 1915, walikuwa Severn na Mersey, meli za mwendo wa kinyonga zisizozama sana majini, zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazil.

Nikadhani basi fundi ameshinda hoja. Hata Ford wenyewe, muda mfupi kabla mafuta hayajapanda bei, walileta Mustang II ya mwaka 1974 ambayo injini yake ya kawaida ilikuwa na silinda nne na farasi wasiofika tisini, nayo ikanunuliwa kwa mamia ya maelfu.

Lakini nahodha wa boti ile ana farasi 15 nyuma, na anataka 40. Alikuja kibandani siku hiyohiyo. Fundi akamhesabia petroli, akamwambia nauli haitatosha.

"Nauli naijua, mzee," akajibu. "Tuseme usiku nimebeba mzazi, namkimbiza Nyamisati apate gari la Kibiti, maji yanatoka na upepo uko usoni. Hiyo kumi na tano inasimama palepale, miti haisogei. Ndugu zake wananitazama mimi. Hapo hesabu ya petroli namfanyia nani?"

Fundi hakuwa na jibu la haraka, wala mimi. Alikwenda botini, akagonga ubao wa tezi kwa kiganja, hapa na pale, akisikiliza. Akasema mashine ya arobaini ni nzito, ubao huo hautaibeba bila kuongezwa, na faiba ya kuongezea inatoka Dar es Salaam. Nahodha akauliza bei. Fundi akasema waonane baada ya bamvua.