Saa ya Mwalimu Isiguswe

Kila mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, walimu hupewa nasaha nyingi. Huambiwa wawahi kazini, waandae masomo yao barabara, wamalize mada kwa wakati, na zaidi ya yote wajiendeleze. Nasaha hizo ni njema na hatuna ugomvi nazo. Lakini ni mara chache mtoa nasaha huketi akaihesabu siku ya huyo anayemnasihi. Leo tungependa kuihesabu.

Tumchukue mwalimu wa Hisabati wa darasa la nne katika shule ya msingi ya Serikali. Kiwango kilichowekwa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, nacho katika shule nyingi kimebaki kuwa maandishi tu. Tuseme basi darasa lake lina watoto 90. Akitoa zoezi moja, na kila daftari akilitazama kwa dakika mbili, atahitaji dakika 180, yaani saa tatu kamili, kwa kazi iliyotokana na kipindi cha dakika 40. Hapo hatujataja andalio la somo, azimio la kazi, daftari la mahudhurio, zamu ya wiki, taarifa inayotakiwa kabla ya saa sita, wala mzazi aliyesimama mlangoni kuulizia viatu vya mwanawe vilivyopotea. Wala hatujafika nyumbani, ambako mwalimu mwanamke hasa hungojwa na kazi nyingine isiyo na kengele ya kuimaliza.

Mwalimu huyo hufanya nini? Husahihisha mbio mbio. Vema, kosa, kosa, vema, mpaka rundo liishe. Nasi tunasema kwamba hapo ndipo hasara kubwa inapotokea, kwani rundo lile lile linalomchosha ndilo chuo chake.

Tutoe mfano. Watoto wameulizwa 52 kutoa 38, na wengi wameandika 26. Mwenye haraka huona kosa, akatia alama yake nyekundu na kufunua daftari linalofuata. Mwenye nafasi ya kutulia hugundua kwamba watoto hao hawakubahatisha. Wametoa tatu katika tano wakapata mbili. Kisha, walipoona nane haitoki katika mbili, wakaigeuza, wakatoa mbili katika nane wakapata sita. Wamefuata kanuni, ila kanuni ni yao wenyewe. Mtoto wa namna hiyo hasaidiwi kwa kupewa maswali mengine kumi ya aina ile ile, maana atayakosa yote kwa uaminifu ule ule. Anahitaji kuonyeshwa kwa vijiti au mafungu ya mbegu jinsi kumi moja inavyofunguliwa na kupelekwa kwenye mamoja, ili jibu liwe 14. Mwalimu aliyeligundua hilo amekua katika taaluma yake siku hiyo, na hakuna aliyemlipia nauli.

Kwa muda mrefu neno kujiendeleza limepewa maana moja tu: cheti, stashahada, shahada. Hatuwabezi wanaosoma usiku kwa taa hafifu, tunawastahi. Hata hivyo, mara nyingi shahada humtoa mwalimu darasani, na watoto wa darasa la nne wakabaki na kutoa kwao kule kule.

Fikra ya kwamba mwalimu ajifunze akiwa kazini si ngeni kwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, vyuo vya ualimu havikutosheleza. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Utaratibu huo ulilaumiwa, na lawama nyingine zilistahili, lakini ulikubali jambo moja tunalolisahau leo: kwamba kusoma ni sehemu ya kazi ya mwalimu, si starehe yake ya baada ya kazi.

Leo tunayo Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yajulikanayo kama MEWAKA, ambayo huwakutanisha walimu wa shule moja katika jumuiya za ujifunzaji. Mpango huu tunauunga mkono, hasa baada ya mtaala ulioboreshwa kuanza kutumika Januari 2024 na kumtaka mwalimu ampime mtoto kwa anachoweza kutenda. Hofu yetu ni kwamba, mahali ambapo mkutano huo utasukumwa hadi jioni, watu wakiwa wamechoka na wengine wakichungulia basi dirishani, utageuka kuwa kikao cha matangazo.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wakuu waiandike saa moja kwa wiki katika ratiba kuu ya shule, ndani ya saa za kazi, kama kipindi kingine chochote. Waratibu Elimu Kata nao wasimwite mtu wala kudai takwimu katika saa hiyo. Kila mwalimu aingie na madaftari matano tu yenye kosa linalofanana, na swali liwe moja: mtoto huyu alikuwa akifikiri nini? Kuhusu yale 90, si lazima yote yasomwe kwa kina kila siku. Mwalimu asome safu moja leo na nyingine kesho, na madaftari mengine wanafunzi wabadilishane na kusahihisha pamoja naye ubaoni.

Tutaulizwa watoto watakuwa wapi saa hiyo. Watakuwa uwanjani au bustanini, chini ya mwalimu wa zamu, na atakayebaki nao wiki hii ataingia kikaoni wiki ijayo.