Nyama na viazi havigombani tumboni; ogopa kiporo

Kila sikukuu ikipita, maswali yanayofika kwenye meza hii ya afya hubadilika. Presha na sukari hupumzika kidogo, tumbo likashika zamu. Safari hii lililojirudia ni la mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe na viazi: uliliwa usiku ukiwa mtamu, ukabaki nusu sufuria, ukapashwa mchana wa siku ya pili, na usiku wa manane nyumba nzima ikawa inapishana mlangoni mwa choo. Wasomaji wanataka mkosaji. Ni nyama ya bucha? Ni viazi? Au ni kweli, kama walivyosikia kwenye simu zao, kwamba nyama na viazi havitakiwi kuliwa pamoja kwa sababu vinaozeana tumboni?

Tuanze na hilo la mwisho, maana limechosha. Fundisho hili si la mababu zetu wala si ugunduzi mpya. Lilienezwa Marekani na daktari William Howard Hay katika miaka ya 1920 na 1930: eti protini inataka tindikali, wanga unataka alkali, vikikutana vinazuiana. Kongosho halijapata habari hizo. Hukamua kwa pamoja vimeng'enya vya protini, vya wanga na vya mafuta, vyote kwenye utumbo mwembamba ambako tindikali ya tumbo imekwisha kupoozwa. Na kama protini na wanga vingekuwa maadui, maharage yasingelika, kwani ndani ya punje moja vimo vyote viwili tena kwa wingi.

Uzushi wa pili unapatikana jikoni kwenyewe: kidonge cha paracetamol kwenye sufuria ili nyama ilainike upesi. Kidonge hicho hakina kimeng'enya cha kukata nyuzi za nyama. Nyama ya mguu au ya shingo ni ngumu kwa sababu ya kolajeni, na kolajeni ina tabia ya kumkatisha mpishi tamaa. Ikifika nyuzi joto 60 hivi hujikunja na kukamua maji ya nyama, ndiyo maana baada ya nusu saa motoni nyama huwa ngumu kuliko ilivyoingia. Hapo ndipo watu hutafuta dawa. Lakini joto likipita 70 na kukaa humo kwa saa 2 au 3 pamoja na maji, kolajeni ile ile hufumuka ikawa jelatini, hiyo inayofanya mchuzi ugande ukipoa. Aliyetia kidonge katikati ya safari hiyo akaona nyama imelainika amekisifu kidonge kwa kazi ya moto na muda.

Paracetamol yenyewe haitoki kwa kuchemka. Inabaki kwenye mchuzi, na mlaji ambaye pengine amekwisha meza dozi yake ya homa anaongezewa, bila kuambiwa, dawa ambayo ikizidi huharibu ini. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Mpishi gani anapima uzito wa watoto kabla ya kupakua? Mwenye haraka apake nyama papai bichi kwa muda mfupi kabla ya kupika, kwani papaini iliyomo humo hukata protini kweli kweli. Magadi nayo hulainisha, ila huharibu vitamini B1 na kuvuruga viazi. Na kukaanga nyama kwanza "ili kufunga maji" ni dhana iliyovuma kutokana na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847. Kukaanga hakufungi maji yoyote. Kunaleta rangi na ladha, na hiyo inatosha kuwa sababu.

Kwa upande wa viazi, muuzaji atakuambia kile cha kijani hakijakomaa. Kimekomaa, ila kimeanikwa juani kwenye meza yake. Ukijani wenyewe ni klorofili isiyodhuru, lakini mwanga ule ule ulioileta huongeza solanini na chakonini, sumu za kiazi zinazojikusanya chini ya ganda na kwenye machipukizi. Kuchemsha hakuziondoi. Mwaka 1969 wavulana 78 wa shule moja kusini mwa London waliugua baada ya kula viazi vilivyobaki stoo tangu muhula uliotangulia, na 17 kati yao walilazwa. Doa dogo limenye kwa kina, chimbua na macho. Kiazi kilichoenea ukijani au chenye uchungu tupa.

Hata hivyo, dalili ambazo wasomaji wengi wanazieleza si za solanini. Tumbo kukata, kuhara maji, homa hakuna, kutapika si sana. Zimeanza saa 6 hadi 24 baada ya kula na kwisha ndani ya siku moja hivi. Bila vipimo vya maabara sitaapa, ila wa kwanza kushukiwa ni bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye Betty Hobbs na wenzake nchini Uingereza walimwanika mwaka 1953 kuwa chanzo cha sumu ya chakula, hasa nyama iliyopikwa ikaachwa ipoe polepole.

Bakteria huyu anaishi kwenye udongo na kwenye matumbo ya wanyama, kwa hiyo anaweza kuja na nyama, akaja na viazi, akaja hata na bizari. Walio hai hufa sufuria inapochemka. Tatizo ni spora zake, zenye ganda linalostahimili nyuzi joto 100, nyingine kwa saa nzima na zaidi. Na kuchemka kunazifanyia hisani tatu kwa mpigo: kunaua bakteria wengine ambao wangegombea chakula, kunafukuza oksijeni kwenye mchuzi, nayo ni hewa ambayo bakteria huyu haipendi, na joto lenyewe linaziamsha spora usingizini.

Moto unazimwa. Mchuzi mwepesi hupoa upesi, lakini mchuzi mzito wenye viazi vilivyovurugika ndani ya sufuria kubwa hukaa na joto katikati kama kaa lililofukiwa jivuni, hasa usiku wa Dar es Salaam au Mombasa wenye joto. Joto likishuka chini ya 54 hivi, walioamka huanza kuzaana. Kati ya 43 na 47 wanaweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika 10 au pungufu. Piga hesabu: mmoja, katika saa 3 za mwendo huo, anakuwa 262,144. Wanapopita milioni moja kwa kila gramu ya chakula, sahani moja inatosha kumlaza mtu. Sasa fikiria hotipoti. Chakula kikiingia humo kinafuka na kuliwa kabla hakijashuka chini ya 60, hakuna neno. Kikiachwa humo tangu jioni hadi asubuhi, chombo kile kile kinakishusha polepole kabisa kupitia nyuzi joto ambazo bakteria huyu angejichagulia mwenyewe.

Kinachonishangaza kila mara ni kinachofuata. Sumu karibu yote haitengenezwi kwenye sufuria. Bakteria wanaliwa wakiwa hai, wengi wanauawa na tindikali ya tumbo, wanaosalia wanafika utumbo mwembamba na huko wanaanza kutengeneza spora upya. Spora ikikomaa, bakteria mama hupasuka na kumwaga sumu inayotoboa chembe za ukuta wa utumbo, na maji yanatoka mbio. Ndiyo sababu kiporo hicho hakinuki, hakichachuki, na aliyekionja kwa ncha ya mwiko akasema "bado kizima" hakusema uongo. Pua haikuumbwa kwa kazi hiyo. Pilipili, tangawizi na ndimu nazo haziui spora, hata ukitia kwa ujazo wa kikombe.

Kwa hiyo kiporo kikichemshwa hasa, kikikorogwa hadi katikati kupita nyuzi joto 74, bakteria waliokua watakufa kabla hawajaliwa. Kukipasha mpaka pembeni kutoe mvuke tu ni kuwaongezea uvuguvugu. Kuchemsha nako si kinga ya kila kitu, kwani sumu ya Staphylococcus aureus, anayetoka kwenye mikono na pua zetu, hutengenezwa ndani ya chakula na haivunjwi na moto wa jikoni.

Ushauri, kwa ufupi. Pika kinachoweza kuisha. Kinachobaki kigawe kwenye vyombo vipana na vifupi, kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, muda ambao Shirika la Afya Duniani linautaja katika kanuni zake tano za usalama wa chakula. Usingoje kipoe kabisa. Friji haiharibiki kwa chakula cha moto, ila usiiingizie sufuria nzima inayofuka. Huna friji? Usilaze mchuzi wa nyama. Ukipasha, pasha mara moja, kichemke.

Ukishaugua, kunywa maji ya chumvichumvi, ya ORS, na kumpa mtoto kidogo kidogo mara kwa mara. Usimeze Flagyl kwa kubahatisha, maana hali hii huisha yenyewe bila antibiotiki. Ukiona damu, homa kali, mkojo umepungua, au mgonjwa ni mtoto mchanga, mjamzito au mzee, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na akikupigia hodi muuza unga wa "kusafisha utumbo", mjibu kwamba kazi hiyo umeifanya usiku kucha, tena bure.