Unavuka ziwa kesho? Chunguza utakapolala leo

Chukua mfano kwamba umefunga safari na familia yako kwenda kisiwa cha Mfangano, pengine kuona michoro ya kale iliyo kwenye mapango yake, au kumjulia hali nyanya ambaye hajawaona wajukuu tangu Krismasi. Mmeshuka basi Homa Bay jioni. Watoto wamechoka na ziwa liko pale pale mbele yenu. Bila shaka utasema, "Tumefika. Tulale hapa, asubuhi tupande boti."

Hapo ndipo wengi hukosea. Wazee wa huko wanakumbuka meli za shirika la reli zilizokuwa zikitia nanga Homa Bay na Kendu Bay, na labda ndiyo sababu jina hilo bado linasikika masikioni mwetu kama jina la bandari. Lakini boti za Mfangano, pamoja na feri iendayo Luanda K'Otieno upande wa Siaya, huondokea Mbita, kilomita 40 hivi kutoka Homa Bay. Barabara ni ya lami, ila matatu ya alfajiri haing'oki mpaka ijae, na wewe na watoto wako wawili hamwezi kuijaza.

Atokaye Migori ana kibarua kikubwa zaidi. Mji wa Migori hauko ziwani hata kidogo. Itambidi apite Awendo na Rongo, apinde kushoto kuelekea Homa Bay, kisha aendelee hadi Mbita. Akilala Migori kwa kuwa vyumba ni vingi, boti ya asubuhi ataisikia tu kwa watu. Na kama safari yake ni ya Muhuru Bay, huko ni njia nyingine kabisa.

Mimi mwenyewe nililipia somo hili. Tulikuwa watu wanne tukienda Mfangano kumzika mjomba, na nikachagua lojing moja ya Homa Bay kwa sababu chumba kilikuwa na roshani iliyotazama maji. Saa kumi na moja alfajiri tukakuta lango limefungwa na mlinzi hana ufunguo. Tulipofika Mbita, boti ilikuwa imekwenda. Karibu na adhuhuri akaja mwenye mashua ya mbao, akasema nafasi ya watu wanne ipo. Maji yalikuwa yamebakisha shubiri moja tu kufikia ukingo wa mashua hiyo. Shangazi alitazama mara moja, akaketi juu ya mzigo wake na kukataa katakata. Sikatai, mashua ile ilifika salama. Sisi tulifika jioni, kaburi limekwisha kufukiwa.

Mpaka leo sijaona kosa la shangazi. Ziwa hili huwa tulivu asubuhi, na upepo huchachamaa alasiri. Aliyechelewa boti ya kwanza ndiye hushawishika kuingia chombo kilichojaa kupita kiasi, tena wakati mbaya. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, katika ziwa hili hili, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia wakafa. Ikiwa meli kubwa namna ile ilishindwa, mashua ya mbao je?

Basi lala Mbita. Kabla hujatafuta chumba, nenda kwanza gatini, umuulize mhudumu saa ya boti ya kesho na kama jaketi za kuokoa maisha zipo za kutosha, hata za watoto. Usiulize mtu wa kituo cha matatu, kwa maana yeye hukwambia saa inayompendeza.

Ukitafuta chumba, kumbuka kwamba ukiuliza "hoteli" utaonyeshwa mahali pa ugali na samaki. Sema lojing au gesti. Itembee njia ya kutoka hapo hadi gatini kwa miguu, na mizigo mkononi, kungali mchana. Ikiwa inawashinda saa hizo, gizani itakuwaje? Chumba kilicho juu ya baa kikwepe, hata kikiwa rahisi, isipokuwa kama wewe ni mwanafunzi usiyejali usingizi.

Jambo la neti si la mzaha. Malaria imeota mizizi sehemu hizi, na si bure kwamba taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina kituo Mbita. Ifungue neti uikague matundu kabla ya kulipa. Na ukiambiwa maji ya bomba yamekatika, mkaoge ziwani, omba ndoo. Ziwani kuna kichocho.

Lipa usiku huo huo. Mwone mlinzi ana kwa ana, umtajie saa ya kufungua lango, na uhakikishe ufunguo unalala kwake. Chai ya asubuhi ambayo imo katika bei kwa kawaida hutoka boti ikiwa imekwenda. Waombe wakubadilishie kwa mayai ya kuchemsha na mkate wa kubeba.

Mkifika mapema, Rusinga ni ng'ambo ya daraja tu, na watoto wanaweza kuliona kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 5, 1969, kabla jua halijatua. Na kama mwezi haujatoka, wapeleke nje kidogo baada ya chakula. Wataona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini, nao watakuuliza ule ni mji gani. Waache watazame, kisha warudishe ndani ya neti. Saa kumi na moja mlinzi atabisha.