Betri Ikifa Itakuwaje?

Jumapili moja baada ya ibada, jirani yangu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi alikuwa akitoka Thika na watoto wake wakati taa nyekundu ya pembetatu ilipowaka kwenye dashibodi ya gari lake. Gari lenyewe ni Toyota Aqua, dogo, la rangi ya samawati, alilolinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Lilikuwa halijatimiza mwaka mmoja mikononi mwake. Aliegesha kando ya barabara, akazima, akawasha tena. Taa ikabaki pale pale ikimkodolea macho.

Kesho yake fundi wa kwanza hata hakuinama. "Mwalimu, hiyo ni betri ya haibridi. Imekufa, pole," akasema, kisha akataja kiasi cha fedha kinachokaribia karo ya muhula mzima ya watoto wake wawili. Kufikia jioni habari zilikuwa zimeenea ploti nzima. Kila aliyewahi kumwonya alipita mlangoni kumkumbusha kwamba alimwonya.

Nitarejea kwa mwalimu huyu, kwani kisa chake hakikuishia hapo. Lakini swali lililomkosesha usingizi usiku ule ndilo linalowasumbua wengi wanaozunguka kwenye yadi za magari Nairobi na Mombasa wakitafuta gari la familia. Haibridi zimejaa, na bei ya petroli haina huruma. Mnamo Oktoba 2023, lita moja jijini Nairobi ilifika Sh217.36. Mtu anatamani kupunguza gharama, lakini kinyozini anaambiwa kwamba gari hilo ni mtego, betri ikifa basi na gari limekufa. Je, kuna ukweli hapo?

Dainamo ya baiskeli

Kwanza tuelewane kuhusu gari lenyewe. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka dainamo ya baiskeli. Ukiibana kwenye tairi taa huwaka, lakini papo hapo baiskeli huwa nzito na miguu huanza kulalamika. Hiyo ndiyo siri ya breki za haibridi. Dereva anapopunguza mwendo, mota ya umeme hugeuka kuwa dainamo. Magurudumu huizungusha, mwendo hupungua na stima huingia kwenye betri badala ya kupotea kama joto la breki. Gari linapoondoka tena, stima hiyo hiyo huizungusha mota na kuusukuma mzigo huku injini ya petroli ikiwa imepumzika.

Ndiyo maana haibridi hunawiri kwenye msongamano. Pale Jogoo Road saa moja asubuhi, magari mengine yanapochoma petroli yakiwa yamesimama, injini ya haibridi huwa kimya. Ukilipeleka gari hilo hilo Nakuru kwa mwendo wa kasi usiokatika, faida hupungua sana, maana breki hazikanyagwi mara nyingi. Anayeishi mashambani na kusafiri barabara kuu tu asitarajie miujiza anayosimuliwa na dereva wa teksi wa mjini.

Aghalabu haibridi zilizoko mitaani kwetu hazichomekwi kwenye soketi. Petroli ndiyo chakula chao cha pekee. Zipo za aina nyingine zinazochajiwa kwa waya, lakini si hizi ambazo watu wengi hununua.

Teknolojia hii si ya jana. Toyota walianza kuuza Prius nchini Japani mnamo Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011. Betri ya Aqua ya miaka hiyo imeundwa kwa vipande 20, kila kimoja cha volti 7.2, vilivyounganishwa mpaka vikatimu volti 144. Kompyuta ya gari haiiachi betri ijae kabisa wala iishe kabisa. Huiweka katikati siku zote, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya betri hizi kudumu miaka kumi na zaidi, tofauti na betri ya simu ambayo sisi huikamua hadi tone la mwisho kisha tukaijaza pomoni.

Hesabu ya umri

Sasa tufanye hesabu ambayo muuzaji hatakufanyia. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita umri wa miaka minane. Wengi wetu hununua lile lililokaribia mpaka huo kwa sababu ndilo la bei nafuu. Gari la miaka saba likitua bandarini Mombasa, nawe ukikaa nalo miaka minane kama familia nyingi zifanyavyo, betri yake itakuwa na miaka kumi na mitano. Hata ingekuwa ya chuma, imezeeka. Betri huchakaa kwa kutumika, na huchakaa pia kwa miaka kupita tu.

Kwa hiyo wanaosema betri itakufa hawasemi uongo. Wanachosahau ni kwamba injini, gia na sipringi nazo hufa, ila hizo tumezizoea na hatuziogopi. La busara ni kuihesabu betri katika bei ya gari tangu siku ya kwanza. Ikiwa fedha zote ulizo nazo zinaishia kwenye kununua, na hakuna hata senti ya kuweka kando, basi mimi binafsi ningekushauri utafute gari la kawaida. Najua wauza magari hawatanipenda kwa neno hilo.

Na usiangalie namba za kilomita peke yake, kwani namba hizo zimewahi kurudishwa nyuma na wajanja. Dai betri ipimwe kwa kifaa kinachochomekwa chini ya usukani, kinachoonyesha volti za sehemu mbalimbali za betri gari likiwa mwendoni. Sehemu zikikaribiana, vyema. Moja ikizama kila unapokanyaga mafuta, hapo pana ugonjwa. Muuzaji akikataa gari lisipimwe, kukataa kwake ni jibu tosha.

Vumbi la kiti cha nyuma

Jirani yangu alipata fundi wa pili kupitia kwa mwalimu mwenzake. Huyu alichomeka kifaa chake, akasoma kimya kwa muda, kisha akang'oa kiti cha nyuma. Kwenye Aqua betri hulala chini ya kiti hicho, na tundu la kuvutia hewa ya kuipoza liko hapo hapo. Ndani yake kuna feni ndogo. Feni ile ilikuwa imevaa koti la vumbi na nyuzi za mazulia, pamoja na maganda ya njugu ambayo watoto walikuwa wakiyadondosha tangu mwezi wa kwanza. Mbele ya tundu palikuwa na begi la shule lililosukumwa hapo na kusahauliwa.

Betri ilikuwa ikipikwa. Joto ndilo adui wake mkubwa, na barabara zetu za vumbi hazifanani na zile za Japani ambako gari lilitoka. Fundi aliisafisha feni, akafuta hitilafu kwenye kompyuta na kuliendesha gari hadi Ruiru na kurudi. Taa haikuwaka. Kisha akamwambia ukweli ambao fundi wa kwanza hakumwambia, kwamba betri haijafa lakini kipande kimoja kimeanza kudhoofika. Angeweza kukibadilisha peke yake kwa bei ndogo, ila vipande vingine ni wa rika moja na hicho, na mara nyingi ukitoa kimoja kigonjwa, baada ya miezi kadhaa kingine hukifuata.

Mafundi wetu wa jua kali ni hodari, sibishi. Hata hivyo nyaya za rangi ya machungwa ndani ya haibridi si za kuchezea. Kwenye Aqua umeme hupandishwa hadi volti 520 kabla ya kufika kwenye mota, na hata baada ya kukatwa, hubaki kwa dakika kadhaa. Fundi anayekimbilia kuzigusa bila glavu za mpira na bila kuchomoa kitenganishi cha betri anahatarisha maisha yake.

Je, mvua? Hili huulizwa sana, hasa baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 jijini Nairobi. Umeme wa betri hizi umefungiwa mbali na bodi ya gari, na kompyuta huwasha taa ya onyo ikigundua kwamba unavuja, hivyo kunyeshewa hakuleti shoti. Lakini maji ya mafuriko yanayofika kwenye viti huharibu gari lolote, na betri iliyo chini ya kiti huwa ya kwanza kuloa.

Stima ikipotea

Wengine wameruka haibridi na kuuliza moja kwa moja kuhusu gari la umeme mtupu. Hapa mashaka hubadilika. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima ilitumbukia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na tangu hapo mzaha ni kwamba mwenye gari la umeme siku hiyo angeenda kazini kwa miguu. Mzaha huo husahau kwamba hata pampu za petroli huendeshwa kwa stima.

Kwa upande wa gharama, tuseme lita ya petroli ni Sh180. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakula Sh1,500 kwa kilomita 100. Haibridi ya kilomita 20 kwa lita itakula Sh900. Gari dogo la umeme hutumia takriban uniti 15 kwa umbali huo, na uniti ikiwa Sh30, hizo ni Sh450. Mwaka 2023 serikali iliweka bei maalumu ya kuchaji magari, Sh16 kwa uniti na Sh8 nyakati ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na ada nyingine. Sababu ipo: usiku watu wakilala, mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji.

Tatizo la familia ya mjini ni soketi. Anayeishi ghorofa ya nne Umoja atachajia wapi? Waya wa kurefusha kutoka dirishani hauwezi kuvumilia mzigo wa usiku kucha. Utapata moto na kuyeyuka. Mabasi ya umeme yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mnamo 2022 yamefaulu kwa sababu yana vituo vyao vya kuchajia.

Kisha umbali. Nissan Leaf za mwanzo, za 2010 na 2011, zilipimwa Marekani zikaenda kama kilomita 117 kwa chaji moja zikiwa mpya, na betri zake hazina feni. Katika joto la Arizona wenye magari hayo walianza kulalamika mnamo 2012 kwamba uwezo unashuka haraka. Ukiona Leaf kuukuu, hesabu vijistari vya uwezo wa betri kwenye dashibodi. Vinapaswa kuwa 12, na kukosekana kimoja tu kunamaanisha takriban asilimia 15 imekwenda. Kuteremka Naivasha nalo kutakufurahisha. Kupanda kurudi Limuru ndiko kutakakokupima.

Swali moja sina jibu jepesi kwalo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ambayo huingia katika aina nyingi za betri za magari ya umeme, huchimbwa Kongo, kwa majirani zetu wanaozungumza Kiswahili kule Kolwezi, na baadhi ya wachimbaji wa mikono wamekuwa watoto. Zipo betri zisizotumia kobalti, na anayejali ana haki ya kuuliza gari analouziwa lina ya aina gani.

Mwalimu bado analo gari lake. Aliamua kutobadilisha kile kipande. Kila mwisho wa mwezi huweka fedha kando katika akaunti aliyoiita "betri", na mumewe haruhusiwi kuigusa. Njugu zimepigwa marufuku kiti cha nyuma. Wiki jana nilimkuta kijana wake mkubwa ameinama mlangoni, tochi mdomoni na brashi ya rangi mkononi, akipangusa lile tundu.