Upanga Usio na Mshahara: Ngome na Milki, kutoka Hastings hadi Bukedi

Msafiri atokaye mjini Tororo kuelekea upande wa magharibi huuacha nyuma yake ule mwamba mkubwa uliolipa sifa eneo hilo lote, akaingia katika nchi ya mtama, wimbi na mihogo, ambamo mna Sop Sop pamoja na vijiji jirani vya Budama. Kusini yake iko Busia. Mashariki yake umo mpaka wa Uganda na Kenya. Hapa haoni husuni ya mawe wala kasri la mfalme. Huona miji ya wakulima, mashamba yao na mifugo yao. Hata hivyo, twathubutu kusema kwamba mambo yaliyopita katika nchi hii iliyo kati ya Mumias na Mbale, yapata miaka mia moja na ishirini iliyopita, yanafanana mno na yale yasimuliwayo katika historia ya Ulaya ya Zama za Kati: ngome na mahandaki, mabwana waliogawiwa ardhi kwa sababu ya vita, na watu waliotamani taji wasilipate.

Tumeona inafaa kuyaeleza mambo haya kwa ndugu zetu wanajeshi na polisi, kwa kuwa ndani yake mna swali linalowahusu wao kuliko raia mwingine yeyote. Swali lenyewe ni hili: mwenye silaha anapokosa mshahara, nani humlisha?

ARDHI BADALA YA FEDHA

Huko Ulaya, kwa karne nyingi kati ya mwaka 500 na 1500, wafalme walikuwa na majina makubwa na hazina ndogo. Mfalme hakuweza kuweka jeshi la kudumu, kwa kuwa hakuwa na fedha za kulilipa. Alichokuwa nacho ni ardhi. Basi akaigawa ardhi hiyo kwa mabwana wake wa vita, nao wakapiga magoti mbele yake, wakaweka mikono yao ndani ya mikono yake na kula kiapo cha utii. Bwana aliyepewa nchi alipaswa kuleta askari wa farasi wenye deraya na mikuki, aghalabu kwa muda wa siku 40 kwa mwaka. Huo ndio uliokuwa ukabaila.

Mfano ulio dhahiri ni wa William, mtawala wa Normandy. Tarehe 14 Oktoba 1066 alilishinda jeshi la Waingereza karibu na Hastings, na mfalme wao Harold akauawa uwanjani. Ushindi wa siku moja, lakini, hauwezi kuitawala nchi. William alijenga ngome kila mahali palipokuwa na njia, mto au mji. Nyingi kati ya hizo za mwanzo hazikuwa za mawe. Zilikuwa vilima vya udongo, boma la magogo juu yake, na handaki kuzunguka. Mwaka 1086 ikahesabiwa kwa amri yake mali ya nchi: ardhi, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, vinu vya kusagia, hata nguruwe. Asiyejua raia wake wana nini hawezi kujua atawatoza nini.

Na mzigo wa yote hayo uliangukia mgongo wa mkulima. Yeye ndiye aliyelilima shamba la bwana kabla ya lake, akasaga unga katika kinu cha bwana na kukilipia. Vita vilipotokea, mapigano makubwa ya uwanjani yalikuwa machache. Kazi ya kila siku ya majeshi ilikuwa kuchoma mashamba, kuswaga mifugo na kubeba nafaka. Adui alipigwa kwa njaa kabla ya kupigwa kwa upanga.

NABONGO WA WANGA

Turudi sasa kwetu. Mashariki ya Busia, mahali ambapo leo pako mji wa Mumias, ulikuwapo ufalme wa Wanga. Mwaka 1882 Mumia alishika cheo cha Nabongo, nacho ndicho cheo cha mfalme wa Wanga. Mwaka uliofuata alimpokea msafiri Joseph Thomson, na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilipafanya kwake kuwa kituo cha kupumzikia na kununua chakula.

Wanga haikuwa na nguvu kubwa kuliko majirani zake wote. Ilitegemea pia mamluki, yaani askari wa kukodiwa, wengi wao Wamasai wa Uasin Gishu waliokuwa wamepoteza mifugo yao na nchi yao. Tena ilitegemea bunduki zilizokuja na misafara. Waingereza walipofika na kuweka kituo mwaka 1894, Mumia aliona kwamba hawa ni mamluki wenye bunduki bora zaidi, nao wakaona kwamba huyu ni mfalme anayefaa kutawala kwa niaba yao. Kila mmoja alidhani anamtumia mwenzake.

Matokeo yake yalionekana upesi. Askari wa Kisudani waliotumwa kwa Wabukusu kudai bunduki waliuawa mwaka 1894. Mwaka 1895 yakaja majeshi ya kulipiza kisasi chini ya C. W. Hobley, yakiwa na Wasudani, Waganda, Wamasai na watu wa Wanga. Wabukusu waliwangojea ndani ya ngome zao za kuta za udongo na mahandaki, huko Lumboka na Chetambe. Kuta zile zilijengwa kuzuia mikuki na mishale. Hazikuweza kuzuia bunduki za kisasa, na watu wengi walikufa humo.

Mwaka 1909 Mumia alitangazwa kuwa chifu mkuu, na jamaa zake wakawekwa juu ya watu ambao hawakuwahi kuitii Wanga hata siku moja. Aliishi hadi mwaka 1949, mzee aliyeyaona mamlaka yake yakikuzwa na wageni, kisha yakipunguzwa na wageni wale wale.

WASIOKUWA NA MFALME

Wajopadhola, wenyeji wa Budama, hawakuwa na mfalme. Masimulizi yao yanasema kwamba mzee wao Adhola alibaki katika nchi hii, wakati ndugu yake Owiny aliendelea na safari hadi nchi iliyo leo upande wa Kenya. Wakakaa kwa koo, wakiongozwa na wazee, wakiilinda mipaka yao dhidi ya majirani kwa mkuki na ngao.

Lakini mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na jambo jipya. Ibada ya Bura, ambayo kitovu chake kilikuwa Tewo, iliwavuta watu wa koo mbalimbali mahali pamoja, na kiongozi wake Majanga akapata heshima iliyovuka ukoo wake. Mwanahistoria Bethwell Ogot, aliyechunguza habari za Waluo wa kusini katika kitabu alichokitoa mwaka 1967, ameona katika jambo hili dalili za koo kuanza kuungana chini ya kiongozi mmoja. Hata Ulaya mambo yalikwenda hivyo mara nyingi: madhabahu iliwakusanya watu kabla ya taji kuwakusanya. Huenda Padhola nayo ingejipatia mtawala wake kwa njia yake yenyewe. Haikupewa nafasi.

JEMADARI ALIYETAKA UKABAKA

Aliyeiziba nafasi hiyo alikuwa Semei Kakungulu. Alikuwa mwindaji wa ndovu aliyegeuka jemadari katika vita vya dini vya Buganda, akapanda cheo hata akawa mmoja wa wakubwa wa nchi, mshindani wa Katikiro Apolo Kaggwa. Mwezi wa Aprili 1899 alikuwa miongoni mwa viongozi wa kikosi kilichowakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabarega wa Bunyoro. Buganda ilikuwa imemwia ndogo. Mwaka ule ule akageukia mashariki, kwenye nchi ambayo Waganda waliiita Bukedi.

Yafaa askari waelewe jinsi alivyokwenda. Serikali ya Uingereza ilimruhusu, lakini haikumpa hazina ya kuwalipa watu wake. Wafuasi wake walitarajia malipo yao katika nchi waliyokuwa wakiiendea: ng'ombe, vyeo na ardhi. Alijenga ngome, akaifanya Budaka kuwa makao yake, na kutoka humo wakatumwa mawakala kuwatawala Wagwere, Wanyole, Wajopadhola na wengineo. Alipofika alipanda migomba na miti, akapasua barabara zilizonyooka, na kuigawa nchi kwa mtindo wa Buganda: saza, gombolola, muluka. Hapana ubishi kwamba alikuwa mjenzi hodari. Hapana ubishi pia kwamba mjengo wake ulilishwa kwa zizi na ghala la mtu mwingine. Wakala aliyekaa katika boma lake miongoni mwa watu ambao lugha yao hakuijua alikuwa sawasawa na bwana wa Kinormani juu ya kilima chake cha udongo.

Harry Johnston, Kamishna Maalumu wa Uingereza, alimtambua kuwa mtawala wa sehemu zile. Naye Kakungulu akadai kwamba alikuwa ameahidiwa ukabaka wa Bukedi. Lakini mapema mwaka 1902, malalamiko ya unyang'anyi yalipokuwa yamezidi, ofisa William Grant alitumwa kuitwaa Budaka. Kakungulu akapewa maili 20 za mraba, akahamia upande wa Mlima Elgon, na huko akauanzisha mji wa Mbale. Baadaye serikali ilimrudisha kazini, na mwaka 1906 ikampeleka Busoga. Hakuwa kabaka kamwe. Alifariki mwaka 1928, akiwa ameliacha kanisa na kuanzisha jumuiya ya Wayahudi wa Uganda, Abayudaya, ambayo ingali hai karibu na Mbale.

Mwaka 1902 huo huo, tarehe 1 Aprili, jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mumia akajikuta upande mmoja na Kakungulu upande wa pili. Wasamia na Wateso wakagawanywa na mpaka ambao hawakuuchora wao.

SOMO LA LUBA

Sasa twarudia swali letu la mwanzo. Mwaka 1897, miaka miwili tu kabla ya safari ya Kakungulu, askari wa Kisudani walioitumikia Uingereza katika Uganda waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari ndefu zisizokwisha; mshahara wao ulikuwa mdogo, na hata huo ulicheleweshwa kwa miezi mingi. Wakaiteka ngome ya Luba huko Busoga, wakamuua Meja Thruston na Waingereza wengine wawili, na ilichukua miezi kadhaa ya mapigano, Kakungulu mwenyewe akiwamo, kuwaondoa humo. Uasi ni kosa kubwa, na hatuutetei. Lakini serikali iliyomnyima askari haki yake na huku ikimwachia bunduki ilikuwa imejichimbia handaki yenyewe.

Ufaransa ililijua jambo hili zamani. Katika Vita vya Miaka Mia dhidi ya Uingereza, kila yaliposimamishwa mapigano, vikosi visivyolipwa viliwageukia wakulima. Wananchi waliwaita Wachunaji, kwa kuwa waliwachuna watu hata nguo. Mwaka 1439 Mfalme Charles VII alitangaza kwamba mfalme peke yake ndiye mwenye haki ya kuandika jeshi, na mwaka 1445 akaanzisha vikosi vya kudumu vyenye mshahara. Mabwana wenye majeshi yao binafsi walianza kudhoofika tangu hapo, maana nguvu yao haikuwa katika upanga tu, bali katika kuwa wao ndio waliomlisha mwenye upanga.

Kwetu, Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902, na Polisi wa Uganda wakaanza kazi kwa jina hilo mwaka 1906. Enzi za wakala anayejilipa mwenyewe zilianza kupita. Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba mshahara peke yake ulileta haki. Fedha zilizomlipa askari wa mkoloni zilitokana na kodi ya nyumba, ambayo kwa Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na aliyeitoa alikuwa mkulima yule yule.

Kwa hiyo mshahara wahitaji mwenzake, nayo ni sheria. Waingereza walilazimika kuliandika jambo hili mwaka 1215, pale mabwana walipombana Mfalme John huko Runnymede. Katika Hati Kuu aliyoitia muhuri siku hizo mna masharti ambayo watu hawayataji sana: kwamba mkuu wa ngome asichukue nafaka wala mali ya mtu bila kuilipia papo hapo, isipokuwa mwenyewe akubali kungoja, na kwamba farasi na gari la mtu huru visichukuliwe bila ridhaa yake. Wasomi huisifu hati ile kwa maneno makubwa kuhusu uhuru. Mkulima wa siku zile, twadhani, angeisifu kwanza kwa ajili ya gunia lake la nafaka.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliwatambua viongozi wa jadi lakini ikawanyima madaraka ya serikali, na Wajopadhola, ambao zamani hawakuwa na mfalme, wamejipatia kiongozi wao wa utamaduni aitwaye Kwar Adhola. Yeye hana jeshi wala hahitaji ngome. Silaha imewekwa mikononi mwa serikali peke yake, nayo imewakabidhi ninyi.

Basi, ndugu askari, ukiwa lindoni Busia au doria Sop Sop, kumbuka kwamba sare yako imegharimu karne nyingi na maisha ya watu wengi. Raia akuonapo hajui historia ya William wala ya Charles. Ana kipimo chake mwenyewe, nacho ni chepesi: ulipofika nyumbani kwake ukiwa na njaa, ulimwomba kuku akuuzie, au ulimchukua?